Binti amerudi mikono mitupu: ataidai wapi fidia yake, na nani amsimamie bila malipo?

Swali: Habari za kazi, wakili. Mimi ni mlezi katika nyumba salama inayohifadhi waathirika wa usafirishaji haramu wa binadamu. Mwezi uliopita tulimpokea binti wa miaka 24 aliyepelekwa nje ya nchi kufanya kazi za ndani. Aliahidiwa mshahara wa 400 kwa mwezi kwa sarafu ya huko. Alikaa miezi 26, akalipwa mitano tu, na pasipoti alinyang'anywa siku aliyofika. Wakala aliyempeleka tunaye hapa nchini na polisi wamemfungulia kesi. Mpelelezi anatuambia binti ni shahidi, habari za pesa zitajulikana kesi ikiisha. Juzi kaka wa huyo wakala alikuja na bahasha, anataka mambo "yamalizwe kifamilia", akasema atarudi Ijumaa. Binti anachotaka ni mshahara wake wa miezi 21. Kuna njia? Wakili hatuna uwezo wa kumlipa.

Jibu: Salama, dada, na poleni kwa kazi. Njia ipo, tena si moja. Ila nianze na kauli ya mpelelezi, kwa sababu ndiyo iliyowapotezea fidia manusura wengi kuliko ukosefu wa sheria. Kusubiri kesi iishe ndipo muulize habari za pesa ni kuchelewa. Kesi ikishaisha, mara nyingi mali ya mshtakiwa imeshahamia kwa shemeji yake, kumbukumbu za binti zimefifia, na muda wa kudai mshahara kwenye chombo cha usuluhishi wa migogoro ya kazi umepita. Hesabu ya pesa inaanza siku mliyompokea. Kama haijaanza, ianze leo.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nikimsaidia kijana aliyefanyishwa kazi kwenye boti ya uvuvi. Nilikuwa mgeni katika kazi hii na niliamini upande wa mashtaka ungeshughulikia kila kitu. Jumatatu moja asubuhi mshtakiwa alikiri kosa bila mtu kutarajia. Hakimu akasoma maelezo, akauliza kama upande wa mashtaka una ombi lolote kabla ya adhabu. Mwendesha mashtaka akafunua jalada, akalifunga, akasema hakuna. Kabla ya saa sita mchana hukumu ilishatoka: faini kwa Serikali, kifungo cha nje, na kijana wangu hakupata hata nauli ya kurudi kwao. Mahakama ile ilikuwa na mamlaka kamili ya kuamuru fidia. Haikuombwa. Tangu siku hiyo kila ninayemsimamia huwa na karatasi moja ya hesabu ndani ya jalada la mwendesha mashtaka kabla mshtakiwa hajasomewa shitaka.

Kwa hiyo tuanze na karatasi hiyo.

Binti anasema anadai miezi 21. Mara 400, ni 8,400. Karibu kila manusura wa kazi za ndani huja na hesabu ya namna hii, na karibu kila mmoja anakuwa amejipunja. Kaeni naye, mpate chai, umwulize aliamka saa ngapi na alilala saa ngapi. Tuseme anakujibu: naamka saa kumi na moja alfajiri, nalala saa nne usiku. Hizo ni saa 17. Toa mbili za kula na kupumzika, zinabaki 15. Siku ya kazi ya kawaida ni saa 8, kwa hiyo kila siku alifanya saa 7 za ziada. Kwa siku 26 za kazi kila mwezi, kwa miezi 26, ni siku 676, yaani saa za ziada 4,732. Mshahara wa 400 ukiugawa kwa saa 208 za mwezi (siku 26 mara saa 8) unapata kama 1.92 kwa saa. Zidisha: ni 9,100. Umeona? Saa za ziada peke yake zimeupita mshahara wote anaoudai, na hapo sijaweka nyongeza ambayo sheria za kazi za nchi nyingi huamuru kwa saa za ziada. Ongeza siku za mapumziko ambazo hakupewa, wiki 113 hivi, siku moja kila wiki kwa malipo ya saa 8: inakuja karibu 1,740. Jumla imepita 19,200, na bado hatujagusa ada aliyotozwa na wakala, riba ya mkopo uliochukuliwa nyumbani ili ada ilipwe, nauli ya kurudi, matibabu, wala maumivu.

Tena msitumie mshahara wa 400 kabla ya kuangalia kima cha chini cha kisheria cha nchi aliyofanyia kazi. Kama kima cha chini kinaihusu kazi yake na ni kikubwa kuliko ahadi, hesabu ipigwe kwa kima cha chini.

Kukumbuka tarehe ndiyo kazi ngumu. Aliyefungiwa ndani miaka miwili hana kalenda kichwani, na ukimbana na maswali ya "tarehe ngapi?" atakuambia hajui, halafu wakili wa upande wa pili atalifanya hilo kuwa silaha. Nilijifunza njia nyingine kwa mwanamke mmoja aliyekuwa akilea watoto watatu wa mwajiri wake. Tarehe hakuwa nazo, lakini alikuwa anajua siku ya kuzaliwa ya kila mtoto, kwa sababu ndiye aliyekuwa akipika na kufagia usiku wa sherehe. Tukazitumia kama vigingi: mtoto wa kwanza alipotimiza miaka sita ulikuwa umelipwa? Yule mdogo alipoanza kutembea, simu ulikuwa bado unayo? Kwa jioni tatu tukapata mfululizo wa miezi 19 ambao hakuna aliyeweza kuutikisa mahakamani. Muulizeni kwa matukio, msimwulize kwa namba. Na mwandishi awe mmoja, mazungumzo yawe machache, kwa sababu kila mara anapoulizwa upya anaumia upya, na maelezo yakitofautiana kidogo kati ya karatasi na karatasi, tofauti hiyo itasomwa kwa sauti mbele ya hakimu.

Vielelezo viko vingi kuliko anavyodhani. Simu yake msiifute wala kuibadilisha; picha ya skrini ni nzuri, lakini simu yenyewe yenye ujumbe wa wakala ni bora zaidi. Kuna ujumbe wa sauti, tangazo la kazi, mihuri ya uhamiaji kwenye pasipoti (kama alirudishiwa), tiketi, risiti za pesa alizotuma nyumbani (miezi mitano aliyolipwa inaonyesha mshahara ulikuwa wa kiasi gani, na miezi mingine isiyo na muamala inasema yenyewe), mkataba hata kama uko kwa lugha asiyoisoma, na mabinti wengine waliopita kwa wakala yuleyule. Daktari na mtaalamu wa saikolojia waandike ripoti mapema, wakati makovu yanaonekana na usingizi bado haujarudi.

Sasa milango. Ninaiita milango kwa sababu mnaweza kubisha zaidi ya mmoja, ingawa pesa ya hasara ileile hailipwi mara mbili.

Wa kwanza ni huo wa kesi ya jinai. Protokali ya Palermo ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2000, ambayo ndiyo msingi wa sheria za usafirishaji haramu wa binadamu katika sehemu kubwa ya dunia, inazitaka nchi wanachama ziwe na utaratibu unaompa mwathirika nafasi ya kupata fidia kwa madhara aliyopata. Jinsi nafasi hiyo inavyotumika hutofautiana. Katika nchi zinazofuata mfumo wa Ufaransa, mwathirika anaweza kuingia ndani ya kesi ya jinai kama mdai, akiwa na wakili wake. Katika nchi zinazofuata mfumo wa Kiingereza, yeye kwa kawaida ni shahidi tu, na anayeomba amri ya fidia ni mwendesha mashtaka, au mahakama yenyewe ikikumbuka. Kwingine sheria imewaondolea mahakama hiari: Marekani, kwa mfano, mhalifu wa usafirishaji haramu akitiwa hatiani, hakimu hana budi kuamuru amlipe mwathirika hasara yote. Uingereza, sheria ya mwaka 2015 dhidi ya utumwa wa kisasa imeweka amri maalumu ya fidia, lakini inategemea kwanza mali ya mhalifu iwe imeamriwa kutaifishwa.

Na hapo kwenye mali ndipo penye kazi. Amri ya fidia dhidi ya mtu asiye na kitu ni karatasi ya kufungia vitumbua. Muulize mpelelezi, kwa barua na si kwa simu: mali za wakala zimeorodheshwa? Gari, kiwanja, akaunti, leseni ya biashara? Ombi la kuzizuia limepelekwa mahakamani? Mali huzuiwa wakati wa upelelezi. Ukingoja hukumu utazuia hewa. Kama mali yake nyingine iko nje, mkataba mama wa Palermo, yaani ule wa Umoja wa Mataifa dhidi ya uhalifu wa kupangwa unaovuka mipaka, kifungu cha 14, unazitaka nchi zinazotaifisha mali kwa ombi la nchi nyingine zifikirie kwanza kuirudisha kwa nchi iliyoomba ili waathirika wafidiwe. Ni kifungu kinachosahaulika. Kitajeni kwenye barua.

Mlango wa pili ni shauri la madai. Faida yake ni kwamba kiwango cha ushahidi ni cha chini: kwenye jinai lazima kusibaki shaka ya maana, kwenye madai inatosha upande wako uwe mzito kuliko wa mwenzako. Wakala anaweza kuachiwa huru kwenye jinai na bado akadaiwa. Hasara yake ni ada, muda, na kwamba mdai ndiye anayebeba mzigo wote wa kuthibitisha. Ombeni msamaha wa ada. Mahakama nyingi zina fomu ya mtu asiye na uwezo, ila makarani hawakutajii usipouliza.

Mlango wa tatu ndio ninaoupenda, na ndio unaopuuzwa. Ni chombo cha usuluhishi wa migogoro ya kazi. Hapo huna haja ya kuthibitisha usafirishaji haramu hata kidogo. Unathibitisha mambo mawili tu: nilifanya kazi, sikulipwa. Ni haraka zaidi, ada ni ndogo au haipo, na chama cha wafanyakazi kinaweza kukuwakilisha badala ya wakili. Wenzangu wengine hawakubaliani nami. Wanasema ukipeleka jambo zito kama hili kwenye meza ya mishahara unalishusha hadhi, linageuka ugomvi wa mwajiri na mfanyakazi. Hoja yao ninaielewa. Lakini nimewaona manusura wakilipwa hapo ndani ya miezi wakati kesi ya jinai ikiahirishwa mwaka wa tatu, na mwanamke mwenye pesa yake mwenyewe mfukoni hutoa ushahidi akiwa ametulia kuliko yule anayedaiwa kodi. Angalizo ni moja: muda wa kufungua dai hapo huwa mfupi sana, pengine miezi michache tangu kazi ilipokoma. Wiki hii mjue ni muda gani, na siku ya mwisho ni tarehe ngapi.

Utasema: mwajiri yuko nje, binti yuko hapa. Kweli. Laiti mngempata kabla hajapanda ndege, ningewaambia asiondoke bila kumwachia mtu wa kule hati ya uwakilishi, yaani maandishi yanayompa wakili au shirika mamlaka ya kumdaia akiwa hayupo. Hili likariri kwa ajili ya wengine watakaokupigia simu wakiwa bado huko: kurudishwa nyumbani haraka ni furaha ya familia, na ni furaha ya mwajiri pia. Kwa binti wenu bado inawezekana. Hati hiyo inaweza kuandikwa hapa, ikathibitishwa na mthibitishaji wa hati na ubalozi, ikatumwa. Protokali ya Shirika la Kazi Duniani ya mwaka 2014 kuhusu kazi za shuruti inasema waziwazi kwamba waathirika wote wapate nafuu kama fidia, wawe wako ndani ya nchi husika au hawako, wawe na hali yoyote ya kisheria kuhusu ukaazi. Kwa hiyo hata kama kibali chake kiliisha, hata kama alitoroka kwa mwajiri akahesabiwa mtoro wa kazi, jasho lake halikufutika.

Lakini mimi ningeanza na aliye karibu. Wakala. Uliza kama alikuwa na leseni. Nchi nyingi hulazimisha kampuni za ajira za nje kuweka dhamana ya fedha serikalini kabla ya kupewa leseni, na dhamana hiyo huwekwa kwa ajili ya balaa kama hili. Mikataba mingi ya ajira za nje pia humfanya wakala awajibike pamoja na mwajiri kwa mshahara usiolipwa. Na ile ada aliyomtoza: Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani namba 181 wa mwaka 1997 unakataza kwa jumla wakala binafsi kumtoza mfanyakazi ada ya kumtafutia kazi. Kama nchi yenu imeuridhia au sheria yenu inasema hivyohivyo, ada inarudi yote.

Mlango wa nne ni mfuko wa Serikali. Baadhi ya nchi huwalipa waathirika wa uhalifu wa kikatili kutoka hazina, mhalifu apatikane asipatikane. Uholanzi imekwenda mbali: mahakama ikiamuru fidia, Serikali ndiyo inayomfuata mhalifu kuikusanya, na miezi 8 ikipita tangu hukumu iwe ya mwisho bila kulipwa, Serikali inamtangulizia mwathirika kisha inaendelea kumdai mhalifu yenyewe. Ni utaratibu wa kuonea wivu. Kwingine mfuko upo kwa jina la kusaidia waathirika, kama ule ulioundwa na sheria ya Kenya ya mwaka 2010, na kazi yake huwa zaidi ni matunzo na gharama za kurudi kwao. Upo pia mfuko wa hiari wa Umoja wa Mataifa kwa waathirika wa usafirishaji haramu, ulioanzishwa 2010, lakini huo hutoa ruzuku kwa mashirika, haumlipi mtu mmojammoja. Binti hawezi kuuomba. Nyumba yenu inaweza, na ruzuku inaweza kugharimia msaada wa kisheria.

Utakutana na maneno mawili ya kuwavunja moyo. La kwanza: "Si alikubali mwenyewe? Alipanda ndege kwa miguu yake." Protokali ya Palermo imelijibu: palipotumika udanganyifu, vitisho au kutumia vibaya hali duni ya mtu, ridhaa yake haihesabiki. Kwa mtoto chini ya miaka 18 hata hivyo vitisho na udanganyifu si lazima vithibitishwe. Na la pili, kwa wale waliotumikishwa kwenye ukahaba: "Pesa hiyo ni haramu, mahakama haiwezi kumrudishia." Mwaka 2023, katika shauri la Krachunova dhidi ya Bulgaria, Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliikataa hoja hiyo. Ilisema nchi ina wajibu wa kumwezesha mwathirika kumdai msafirishaji pesa alizomnyang'anya, na kwamba kuziita chafu hakutoshi kuwa sababu ya kumnyima.

Mnaweza pia kuwa na mashaka kama kudai kunalipa kweli. Fikiria wachumaji wa matunda wa Manolada, Ugiriki. Ni wahamiaji kutoka Bangladesh walioahidiwa euro 22 kwa saa saba, wakafanya kazi saa kumi na mbili kwa siku chini ya walinzi wenye bunduki, mshahara hawakuuona. Aprili 2013 walipoudai walipigwa risasi, wengi wakajeruhiwa vibaya. Mahakama ya nchi iliwaachia huru washtakiwa kwa shitaka la usafirishaji haramu, ikawatia hatiani baadhi yao kwa kujeruhi, na fidia iliyotoka ilikuwa kama euro 43 kwa kila mfanyakazi aliyetambuliwa kwenye kesi hiyo. Hawakuishia hapo. Mwaka 2017 Mahakama ya Ulaya iliamuru Ugiriki iwalipe euro 16,000 kila mmoja wale walioshiriki kesi ya kwanza, na 12,000 wale ambao hawakushiriki. Angalia hiyo tofauti ya 4,000. Ni bei ya kuwa ndani ya jalada tangu mwanzo.

Afrika nayo ina mfano wake. Hadijatou Mani wa Niger aliuzwa akiwa na miaka 12, na alipoachiwa akaolewa na mtu mwingine, mahakama za kwao zilimfunga kwa kosa la kuwa na waume wawili, kwa kuwa aliyemnunua alidai ni mkewe. Mwaka 2008 Mahakama ya ECOWAS, jumuiya ya kiuchumi ya nchi za Afrika Magharibi, iliihukumu Niger kwa kushindwa kumlinda, ikaamuru alipwe faranga za CFA milioni 10. Ninaitaja si kwa sababu binti wenu ataishtaki Serikali kesho. Ninaitaja ili mjue kwamba mwathirika kushtakiwa yeye ni jambo linalotokea. Kama binti alisafiri kwa hati ya kughushi aliyopewa na wakala, wakili aijue kabla ya mpelelezi kuigundua. Sheria nyingi zinamkinga mwathirika asiadhibiwe kwa kosa alilolazimishwa, lakini kinga hiyo huombwa, haiji yenyewe.

Sasa wakili wa bure. Kwanza mfahamu kwamba mwendesha mashtaka si wakili wa binti. Ni wakili wa Serikali. Maslahi yao yanaweza kwenda pamoja hadi mahali fulani, halafu yakaachana. Binti anahitaji mtu wake. Jaribuni bodi au idara ya msaada wa kisheria ya Serikali, chama cha mawakili (vingi vina orodha ya mawakili wanaotakiwa kutoa saa za bure), kliniki ya sheria ya chuo kikuu, mashirika ya wanasheria wanawake, na chama cha wafanyakazi wa majumbani. Msidharau wasaidizi wa kisheria wasio mawakili. Kwa kawaida hawaruhusiwi kumwakilisha mtu mahakamani, ila kwa kuandaa jalada, kusindikiza polisi na kufuatilia tarehe, wengi wao wananishinda mimi.

Mnapompata wakili, mwulizeni mambo matatu kabla ya kusaini. Umewahi kudai mshahara wa mtu kwenye chombo cha kazi, au unajua jinai tu? Ada za mahakama, ripoti ya daktari na mkalimani nani atalipa? Na je, tukishinda utachukua asilimia? Kuchukua asilimia si dhambi pale sheria inaporuhusu, lakini iandikwe kabla, kwa lugha ambayo binti anaisoma, na isihesabiwe juu ya pesa za matibabu. Nimewahi kuona hundi ya manusura ikitoka ofisini kwa wakili ikiwa imenyofolewa hadi haijulikani. Mwulizeni pia binti mwenyewe kama anamtaka huyo wakili. Ni dai lake. Akisema hataki kwenda mahakamani, hiyo nayo ni haki yake, na ninyi kazi yenu ni kuhakikisha anakataa akiwa anajua anachokiacha.

Msimwahidi kiasi. Hesabu ya 19,200 ni ya kudai. Kitakachotoka kinaweza kuwa robo yake. Mwambieni hivyo mapema.

Pesa ikitoka, mkazanie akaunti kwa jina lake, na taarifa ibaki kwa watu wachache. Familia iliyokopa ili asafiri itakuwa mlangoni siku ileile, na mara nyingine mmoja wa hao ndugu ndiye aliyempeleka kwa wakala. Wekeni mpango naye kabla ya hundi kufika: deni lipi ni la kweli, lipi ni la kutungwa. Mwenye miaka chini ya 18 huwekewa msimamizi na mahakama, na msimamizi huyo hatakiwi kuwa mtu aliyefaidika na safari.

Imebaki bahasha. Ninajua inavutia. Binti anadaiwa, kesi haijulikani itaisha lini, na pesa iko mezani. Lakini tazameni kinachonunuliwa. Katika nchi nyingi kupokea malipo ili kesi ya jinai ifutwe ni kosa lenyewe, na mpokeaji anaweza kushtakiwa. Pamoja na bahasha huja karatasi yenye mstari mmoja: "nimepokea na sina madai mengine yoyote." Mstari huo unaweza kufunga milango yote minne kwa wakati mmoja, na kiasi kilichomo, nina hakika bila kukiona, hakifiki mshahara wa miezi sita. Tena mkifikiria, mtu hatumi kaka yake na fedha kama anaamini hana cha kulipa. Ziara hiyo imewaambia kwamba pesa ipo. Iandikeni: tarehe, saa, jina alilojitambulisha, maneno aliyosema, nani alisikia, gari lake namba gani. Mpelekeeni mpelelezi nakala, maana kumfuata shahidi ili anyamaze ni jambo lake la kushughulikia, na mwombeni ulinzi kwa maandishi.

Malipo ya hiari si haramu yote. Wakala akitaka kulipa mshahara anaodaiwa, alipe kupitia kwa wakili, kwa maandishi kwamba ni sehemu ya deni la kazi, na kwamba kesi ya jinai haiguswi. Wanaolipa kwa masharti hayo ni wachache, ila wapo, hasa siku chache kabla ya hukumu.

Kwa hiyo Ijumaa akirudi, akutane na mlinzi getini, na karatasi yenye jina na namba ya wakili wa binti. Kama hadi siku hiyo wakili hajapatikana, iandikwe namba ya mpelelezi. Binti awe ndani, mlango wa nyuma uwe umefungwa, na asiulizwe kama anataka kumwona.